Gari Kuukuu, Gari la Kale



Katika somo la vivumishi muhula huu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza kama "gari kuukuu" na "gari la kale" ni kitu kimoja. Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu kengele inapokaribia kulia, kwamba maana zake zinakaribiana. Jibu hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani. Kuukuu ni kile kilichotumika hadi kikachakaa; huwezi kumwita mzee wa ukoo kuukuu ukabaki na adabu. Kale ni wakati, na kitu cha kale hubeba heshima ya wakati huo. Kongwe liko katikati: limezeeka, lakini bado limesimama. Tena liko neno la mitaani, mkweche, ambalo aghalabu hutamkwa kwa kicheko na mtu ambaye gari si lake. Gari lile lile laweza kuitwa kwa majina hayo yote, kutegemea nani analitazama na ana nini mfukoni.

Nina sababu yangu ya kulifuatilia jambo hili. Nyumbani kwetu, karibu na Tororo, chini ya mwembe, imeegeshwa Peugeot 404 ya mizigo. Marehemu baba aliinunua upande wa Kenya ikiwa imekwisha kutumika miaka kadhaa. Ilibeba kahawa na maharagwe, ilibeba maharusi, na ndiyo iliyobeba jeneza la babu. Haijawaka tangu mwaka 2009. Mwezi uliopita mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mizani yake, akaizunguka mara mbili, akataja bei kwa kilo. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa boma sasa, alikubali. Nilipomwomba asubiri angalau hadi muhula ufungwe, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, gari hili litakulisha nini?"

Swali lake ni zuri kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile. Basi tulitazame kwa njia ya historia.

Uraibu wa kutunza magari ya zamani, yaani kuyatunza kwa mapenzi na wala si kwa haja, ulianza mahali palipokuwa na magari mapya ya kutosha. Tarehe 14 Novemba 1896 wenye magari wa Uingereza walisafiri kutoka London hadi Brighton kusherehekea sheria iliyopandisha mwendo ulioruhusiwa barabarani kutoka maili 4 kwa saa hadi maili 14. Mwaka 1927 safari hiyo ilirudiwa kama ukumbusho, kwa magari ambayo kufikia wakati huo yalikuwa vichekesho mbele ya watoto, na imeendelea kufanyika karibu kila mwaka. Hukubaliwa tu magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905. Mwaka 1930 ikaundwa klabu ya wamiliki, Veteran Car Club of Great Britain. Kisha mwaka 1953 ikatoka filamu iliyoitwa Genevieve, kisa cha vichekesho kuhusu gari la Darracq la mwaka 1904 katika safari hiyo hiyo ya Brighton, na watu wengi ambao hawakuwahi kulifikiria gari kuukuu wakaanza kulitafuta mabandani.

Mwaka huo huo wa 1953, huku kwetu kulikuwa na shughuli ya namna nyingine kabisa. Kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, magari yalishindana kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Nchi zote tatu zilikuwa chini ya Waingereza, na waliotunga shughuli ile walikuwa walowezi waliochoka kuzunguka uwanja mmoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Walitaka gari litoke mlangoni mwa nyumba, livuke nchi, lirudi. Jambo moja lililofanya mashindano hayo yawe na maana kwa mtu wa kawaida ni kwamba magari yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Gari lililoshindana lilipaswa kufanana na lile lililouzwa. Kwa hiyo mkulima, mwalimu au mwenye duka aliyesimama kando ya barabara akipakwa vumbi alikuwa anatazama mtihani uliofanywa kwa niaba yake: gari gani litafika, na gari gani litabaki topeni.

Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Katika miaka ile mwendo wake ulikuwa kama kilomita 5,000, na ulifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika, ambapo barabara za udongo hugeuka uji. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyorudi ni saba. Lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, tena kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudia ushindi wao kwa gari la aina hiyo hiyo, na kwa mara nyingine magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Ushindi mara nne katika miaka sita haukuhitaji tangazo la biashara.

Hapa niongeze kisa ninachokipenda, ingawa si cha Peugeot. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, akishirikiana na ndugu yake Jaswant. Volvo PV544 waliyoiendesha haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindanishwa na kampuni yenyewe, ikaachwa Kenya, naye akaichukua na kuitengeneza upya kwa mikono yake. Wageni walikuja na magari mapya kutoka viwandani, wakashindwa na gari kuukuu ambalo mwenyewe alijua kila nati yake. Nikifundisha neno "ustadi", huwa natoa mfano huo.

Turudi kwa 404. Ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, bodi yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia. Uzuri wake kwetu haukuwa bodi. Katika injini yake, kila pistoni hutembea ndani ya slivu, yaani mrija wa chuma uliozungukwa na maji ya kupozea, na slivu hiyo huweza kuchomolewa na kuwekwa nyingine. Maana yake ni kwamba injini ikichakaa, fundi wa kijijini hahitaji mashine kubwa ya kuchonga silinda upya. Anahitaji slivu, pistoni, gasketi na siku mbili. Betri ikifa, kulikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele. Ufaransa iliacha kuiunda 404 mwaka 1975, lakini ile ya mizigo iliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwaka 1991. Fikiri juu ya miaka hiyo 16. Gari ambalo Ulaya lilikuwa limekwisha kuingia katika kumbukumbu, kwetu bado lilikuwa likitoka jipya.

Uganda ilikuwa na sababu ya ziada ya kuyashikilia magari yake. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Biashara nyingi za mijini, zikiwemo maduka ya vipuri na gereji, zilikuwa mikononi mwao. Maduka yakagawiwa watu ambao wengi hawakujua wanachokiuza, bidhaa zikaisha, na vipuri vikawa vya magendo. Mwaka uliofuata, 1973, Safari ilishindwa na Shekhar Mehta kwa Datsun 240Z. Mehta alizaliwa Uganda. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu kama wamelisikia jina lake. Hakuna aliyeinua mkono.

Kuanzia mwaka 1974 mashindano yaliitwa Safari Rally tu, na yakafanyika ndani ya Kenya peke yake. Neno "East African" lilikuwa limeondolewa katika jina miaka mitatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika mwaka 1977. Wanafunzi wa uraia wanaotafuta dalili za kuvunjika kwa Jumuiya husoma hotuba za marais. Ramani za mbio za magari nazo zingewafaa.

Katika miaka hiyo ndipo magari yetu yalipozeeka, na ndipo mafundi wetu walipopevuka. Mzee aliyeihudumia 404 ya baba, ambaye sasa amepita miaka 70, amenisimulia walivyokata gasketi kutoka katika karatasi ngumu ya maboksi, walivyoshona mipira ya rejeta kwa nyuzi za matairi, na walivyotia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, jambo ambalo yeye mwenyewe analikumbuka kwa kutikisa kichwa na ambalo wewe usilijaribu. Gari lililokufa lilikuwa ghala la vipuri kwa mengine kumi. Hakuna aliyeita kazi hiyo uraibu. Ilikuwa njia ya kufika sokoni.

Sasa ninafikia jambo lililonifanya niandike. Liko shirikisho la kimataifa la vilabu vya magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966. Maelezo yake ya gari la kihistoria yana masharti yanayosomeka vizuri: liwe na umri usiopungua miaka 30, liwe limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisitumike kama chombo cha usafiri wa kila siku. Soma sharti la mwisho tena. Kwa kipimo hicho, 404 iliyokaa miaka 40 chini ya kitambaa katika gereji ya tajiri ni urithi wa binadamu. Ile iliyobeba kahawa kila Jumatatu kwa miaka 40 bado si chochote. Itaanza kuhesabiwa siku itakapoacha kufanya kazi. Nayo hali iliyo sahihi kihistoria ni ipi kwa gari lenye mlango wa bluu uliotoka katika gari jingine mwaka 1983, kwa sababu mlango mweupe haukupatikana Uganda nzima? Mlango ule wa bluu ndio historia yetu. Ukiupaka rangi nyeupe unaonekana vizuri na unasema uongo.

Sisemi hivi kwa kuwadharau wanaotunza magari kwa mapenzi. Nairobi wamefanya hivyo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 1970 kumekuwa na mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo na kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi hukagua injini, hukagua ndani, hulala chali kukagua chini ya gari, na tone moja la mafuta machafu hupunguza alama. Nilihudhuria mara moja nikiwa bado chuoni, nikisomea stashahada. Nilichokikumbuka baadaye ni wanaume waliovaa ovaroli, waliosimama hatua mbili nyuma ya kila gari wakiwa na kitambaa mkononi, kuliko magari yenyewe. Mwenye gari alijibu maswali ya waamuzi. Alipokwama, aligeuka nyuma kidogo, na yule wa ovaroli akamnong'oneza jibu.

Uraibu huo una sura nyingine ya kifahari zaidi. Mwaka 2003, kutimiza miaka 50 ya Coronation Safari, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic Rally, ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili hivi. Yamepita Kenya na Tanzania, na ni jambo la kufurahisha kwamba jina "East African" lilirudi barabarani miaka michache tu baada ya mkataba wa mwaka 1999 uliofufua Jumuiya. Hata hivyo, atakayekwenda kuyatazama akitarajia kuona magari ya baba zetu atastaajabu. Yamejaa Porsche 911 zilizotengenezwa upya kwa gharama kubwa. Porsche haikuwahi kuishinda Safari ile ya awali hata mara moja, ingawa ilikaribia. Katika Safari ya kumbukumbu imeshinda, kwa mfano mwaka 2011 mikononi mwa Björn Waldegård. Kumbe hata yaliyopita huweza kurudiwa na yakawa na washindi wapya, mradi fedha ziwepo.

Tofauti na hayo, mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha lao, na hapo yalikuwapo mengi ambayo bado yanafanya kazi ya kubeba watalii, magunia na wagonjwa. Yalikuja na matope yake. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua, ningewapeleka wanafunzi wangu huko.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusinunue tu magari ya kale kutoka nje, kama kweli tunayataka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8 tangu kuundwa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sheria hizo zina sababu nzuri: moshi, ajali, na kutogeuzwa jalala la nchi tajiri. Siipingi hata moja. Lakini matokeo yake ni kwamba magari ya miaka ya 1960 na 1970 tuliyo nayo ndiyo hayo hayo. Kila linalokatwa na kuyeyushwa ni pengo lisilozibika. Na mizani ya mnunuzi wa vyuma haina alama ya kutofautisha 404 na bati la choo.

Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu, nilikwenda kumwona yule mzee fundi. Nilidhani nitamkuta akilisikitikia gari. Alichosikitikia ni kitu kingine. Alisema gari ni chuma, na chuma hakiumwi. Lakini yeye amefundisha vijana wengi, na wote siku hizi wanatengeneza magari yanayosemeshwa kwa kompyuta, na hakuna hata mmoja anayeweza kurekebisha kabureta kwa sikio. (Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini.) Katika soko la Kisekka kule Kampala, alisema, ukiomba platini za 404 kijana wa dukani anakutazama kama umeomba dawa ya mapenzi.

Jumamosi ile alikuja nyumbani kwetu, nami nilikuwa nimewaalika wanafunzi wawili, yule wa swali la vivumishi na mwenzake. Mzee alifungua kifuniko cha distribyuta akawaonyesha platini, vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke kwenye plagi kwa wakati wake. Nafasi kati ya vidomo hivyo inatakiwa iwe milimita 0.4. Kipimo chake cha kiwandani kiliibwa wakati wa vita vya mwaka 1979, na hakupata kingine kwa miaka mingi. Akatoa mfukoni pakiti ya nyembe. Wembe mmoja, akasema, una unene wa milimita 0.1. Akapanga nyembe nne pamoja, akazipitisha katikati ya vidomo, akakaza skrubu, akazichomoa taratibu. Zikatoka kwa kukwaruza kidogo sana. "Mmesikia?" akawauliza. Hawakusikia. Akarudia. Akarudia tena mara ya tatu, akawapa wao wajaribu, na yule msichana wa vivumishi akajikata kidole.

Kisha alichomoa plagi zote nne, akamimina mafuta katika kila tundu ili kulegeza pistoni zilizoshikwa na kutu, akatuambia tungoje wiki moja. Jumamosi iliyofuata tuliingiza hendeli. Wanafunzi waliisukuma pamoja, mmoja huku, mwingine kule. Iligeuka robo ya mzunguko, ikagota. Mzee akaweka kiganja juu ya injini, akasikiliza, akasema ni slivu ya tatu, na kwamba anamjua mtu mmoja Busia ambaye huenda bado anazo.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, mikono nyuma. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amempigia simu asubuhi kusema kwamba atapita tena muhula ukifungwa. Tulipokuwa tukikusanya spana, aliniuliza kama ninakumbuka baba aliiweka wapi kadi ya gari.